Chuo kikifungua milango, kionyeshe na mashaka yake

Tarehe 17 Machi 2014 Kituo cha Astrofizikia cha Harvard na Smithsonian kiliwaita waandishi wa habari. Watafiti wa BICEP2, darubini iliyokuwa imeitazama anga kutoka Ncha ya Kusini tangu 2010 hadi 2012, walisema wameona alama ya mawimbi ya mvutano ya mwanzo kabisa wa ulimwengu, imejichora kama msokoto hafifu katika mnururisho mkongwe kuliko wote unaotufikia. Ikithibitika, ingekuwa ushahidi kwamba ulimwengu ulitanuka kwa kasi isiyosemeka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde yake ya kwanza. Siku hiyohiyo Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa video fupi. Chao-Lin Kuo, mmoja wa watafiti, anabisha hodi nyumbani kwa Andrei Linde, mmoja wa waliojenga nadharia ya mtanuko huo, na kumpa habari mlangoni. Shampeni inafunguliwa. Video ilitazamwa dunia nzima.

Kufikia mwishoni mwa Januari 2015 habari ilikuwa imegeuka. Setilaiti ya Planck, ya Shirika la Anga la Ulaya, ilikuwa imepima vumbi la galaksi yetu wenyewe, na timu hizo mbili zilipokaa pamoja na kuunganisha vipimo vyao, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya ishara ile ilitokana na vumbi hilo. Dai la Machi halikuweza kusimama tena. Masahihisho hayakuwa na shampeni.

Sina ugomvi na watafiti wa BICEP2. Walipima vizuri, wakachapisha vipimo vyao, wakakubali kukaa meza moja na timu iliyowatilia shaka, na katika muda usiofika mwaka jambo likanyooka. Hivyo ndivyo sayansi inavyotakiwa kwenda. Ugomvi wangu ni na ratiba. Chuo kikuu kiliwaita watu siku ya jibu, na tena kabla wanataaluma wengine hawajaipitia makala yenyewe, lakini hakuna aliyeupangia umma siku ya shaka. Na kinachosikitisha ni kwamba shaka ilikuwemo ndani ya video ileile. Linde, glasi ikiwa bado haijakauka, anasema kwamba siku zote huishi na hofu ya kudanganyika, ya kuliamini jambo kwa sababu tu ni zuri. Hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na ndiyo yaliyopita bila kugusiwa na wengi.

Tazama kalenda ya matukio ya umma ya idara yoyote ya sayansi ya anga: mhadhara wa jioni kuhusu mashimo meusi, usiku wa darubini, siku ya kufungua milango, watoto wakirusha roketi za maji uwanjani, na picha mpya za Mirihi kwenye skrini kubwa. Yote ni mambo mazuri. Lakini karibu yote hukaribisha wageni sebuleni, wakati utafiti unapikwa jikoni. Mgeni anaondoka amejua kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 bila kujua ni nani aliyepima, kwa kifaa gani, na ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Kesho akisikia mtu mtandaoni anadai kwamba dunia ni bapa, atakuwa na neno la profesa dhidi ya neno la mtu wa mtandaoni, basi. Tumempa imani mpya tukaiita elimu.

Kwa nini imekuwa hivi? Sehemu ya jibu ni fedha. Tangu 1997 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani humtaka mwombaji wa ruzuku aeleze, pamoja na ubora wa kazi yake kitaaluma, jamii itafaidika vipi. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: katika tathmini ya kitaifa ya utafiti wa vyuo vikuu ya 2014, asilimia 20 ya alama zilitegemea athari za utafiti nje ya kuta za chuo, na katika ile ya 2021 zikapanda hadi asilimia 25. Nia ni njema kabisa. Kodi ya mwananchi inalipia darubini, kwa hiyo mwananchi ana haki ya kujua. Tatizo ni kwamba sharti likishaingia kwenye fomu hutafuta tarakimu ya kulijaza, na tarakimu iliyo karibu kuliko zote ni idadi ya waliohudhuria. Ukumbi ukijaa, tukio limefana. Hakuna safu kwenye fomu ya kuandika kwamba watu wanane walikuja, wakabaki hadi usiku wakibishana na mtafiti kuhusu grafu moja.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya kimawazo. Mwaka 1985 Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza ilitoa ripoti ya kamati iliyoongozwa na Walter Bodmer kuhusu uelewa wa umma katika sayansi, ikawahimiza wanasayansi watoke maabara wakaongee na watu. Wito ulikuwa wa haki, ila wengi waliousikia walichukulia kwamba umma una pengo la maarifa na kazi ya mtaalamu ni kulijaza. Wanazuoni wa masuala ya sayansi na jamii wameupinga mtazamo huo tangu miaka ya 1990, na kwenye makaratasi vyuo vingi sasa huzungumzia ushirikishwaji badala ya uelewa. Ukumbini, kipaza sauti bado kiko upande mmoja.

Mfano unaonivutia zaidi wa njia nyingine uko mbali sana kwa sasa, zaidi ya mara 60 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Chombo cha New Horizons, kilichorushwa tarehe 19 Januari 2006 na kuipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, kilibeba vifaa saba vya utafiti. Kimoja kati ya hivyo hakikutoka kwenye fungu la sayansi. Kilitoka kwenye fungu la elimu kwa umma. Badala ya kuzitumia fedha hizo zote kwa mabango na vipeperushi, iliamuliwa kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder watengeneze kifaa halisi cha kuhesabu vumbi la anga. Kilikuwa kifaa cha kwanza kusanifiwa na kujengwa na wanafunzi na kisha kusafiri katika msafara wa sayari wa NASA. Hawakupewa upendeleo: walisimamiwa na wataalamu, na kazi yao ilipita ukaguzi uleule uliopita vifaa vya wakubwa.

Kifaa chenyewe hakina madoido. Ni vipande vyembamba vya plastiki ya pekee yenye chaji. Chembe ya vumbi ikikipiga kipande, huacha shimo dogo na kubadilisha chaji, na mabadiliko hayo hutoa mpigo wa umeme unaomwezesha mtu kukadiria uzito wa chembe. Kilipewa jina la Venetia Burney, msichana wa Uingereza ambaye mwaka 1930, akiwa na miaka 11, ndiye aliyependekeza jina la Pluto. Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama jambo la kupendeza la kuandika kwenye jarida la chuo. Lakini vifaa maalumu vya kupima vumbi vilivyotangulia havikuwa vimefanya kazi kupita umbali wa mara 18 wa Dunia na Jua. Kuanzia hapo, kila alama iliyorekodiwa na kifaa cha wanafunzi ilikuwa mpya kwa binadamu. Mwaka 2024 timu yake ilitoa matokeo yanayoonyesha kwamba huko mbali vumbi ni jingi kuliko mifano ya kompyuta ilivyotabiri, na mojawapo ya maelezo ni kwamba Ukanda wa Kuiper, ule mkanda wa mabonge ya barafu ulio nje ya sayari kuu, unaenda mbali kuliko tulivyodhani. Wanafunzi wa mwanzo wameshahitimu zamani. Wamekuja wengine, wakahitimu, wakaja wengine, na kazi imekuwa ikikabidhiwa mkono kwa mkono.

(Kejeli ya ulimwengu: vumbi lililowaumbua wakubwa wa kosmolojia 2014 ni jamaa wa vumbi lililowapa wanafunzi wa Boulder heshima yao.)

Najua kwamba si kila chuo kina nafasi kwenye chombo kinachoelekea Pluto. Hata hivyo kanuni iliyotumika haihitaji roketi: fedha zilizotengwa kwa ajili ya umma ziliingizwa ndani ya utafiti, si pembeni yake. Galaxy Zoo, mradi wa kuainisha galaksi mtandaoni, ilifanya hivyohivyo kwa kompyuta tu. Kevin Schawinski, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alikuwa ameshaainisha galaksi 50,000 kwa macho yake mwenyewe na zilikuwa zimebaki laki kadhaa. Julai 2007 yeye na Chris Lintott pamoja na wenzao wakaziweka picha mtandaoni na kuwaomba watu wowote wasaidie. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya watu 150,000 walikuwa wametoa uainishaji zaidi ya milioni 50.

Mwezi uliofuata uzinduzi, Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, aliona waa lisilo la kawaida jirani na galaksi moja, akauliza swali la kawaida kabisa: hiki ni nini? Wataalamu hawakuwa na jibu. Baada ya kulichunguza kwa darubini mbalimbali, ikiwemo Hubble, ilieleweka kuwa ni wingu kubwa la gesi lililomulikwa na kiini cha galaksi jirani, kiini ambacho mwanga wake umekwisha kufifia. Tunaona mwangwi wa mwanga wa taa iliyopunguzwa zamani. Mwalimu yule hakualikwa kuja kushangaa. Alipewa kazi, na kazi ndiyo iliyomfanya aulize.

Hapa kuna jambo ambalo waandaaji wengi wa matukio hulikosa. Swali zuri kuliko yote linaloulizwa kwenye maonyesho ya anga, nalo huulizwa karibu kila mara, ni hili: rangi hizi ni za kweli? Mtu ameona picha za darubini ya James Webb zilizotolewa Julai 2022, majabali ya gesi ya rangi ya kutu na anga ya samawati, naye anahisi kuna kitu kimepakwa. Ana haki. Webb hupima zaidi mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho. Picha hufika zikiwa nyeusi na nyeupe, moja kwa kila kichujio, kisha mawimbi marefu hupewa rangi nyekundu na mafupi hupewa bluu. Si uongo, wala si picha ya simu. Ni ramani. Kila rangi inasema kitu kuhusu joto, vumbi au aina ya gesi. Lakini mara nyingi jibu la mezani huwa nusu sentensi ya aibu, “zimeboreshwa kidogo”, halafu mgeni husogezwa meza inayofuata. Hapo imani ya kweli imepotea bure. Picha ghafi zinapatikana bila malipo kwenye hifadhi ya data. Mpe mgeni kompyuta na picha tatu za kijivu, aziunganishe mwenyewe, achague rangi, aone nini kinajitokeza na nini kinafichika. Atatoka akijua jambo ambalo hakuna mhadhara ungemfundisha: kwamba picha ya kisayansi ina maamuzi ndani yake, na maamuzi hayo yanaweza kuulizwa.

Usiku wa darubini nao una ukweli wake. Zohali haina shida. Yeyote atakayeona pete zake kwa mara ya kwanza ataangalia mbele ya lenzi kuhakikisha kwamba hakuna karatasi iliyobandikwa. Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani na yetu, ndiyo mtihani. Mtu amepanga foleni muda mrefu, anainama, anaona ukungu wa kijivu. Mwenyeji mwoga huomba radhi na kumwonyesha picha nzuri kwenye simu. Mwenyeji anayeijua kazi yake humweleza kwamba ukungu ule ni mwanga uliosafiri miaka milioni 2.5, kwamba jicho haliwezi kukusanya mwanga kwa saa nzima kama kamera, na kwamba ni kwa sababu hiyohiyo vyuo vinagombania dakika za darubini kubwa. Masikitiko ya mgeni yamegeuka kuwa mlango wa kuingilia kazini.

Na usiku wa mawingu je? Mara nyingi tukio huahirishwa au hugeuzwa kuwa slaidi. Wakati kipande cha plastiki chenye mistari midogo ya kutawanya mwanga kinatosha kuwaonyesha watu kwamba kila aina ya taa ya ukumbi ina mpangilio wake wa rangi, kama saini, na kwamba kwa saini ya aina hiyo gesi ya heli ilitambuliwa katika mwanga wa Jua mwaka 1868, miaka 27 kabla William Ramsay hajaitenganisha maabara. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu nyota imepatikana kwa njia hiyo na si kwa kuchungulia. Binafsi naona usiku wa mawingu ungeweza kuwa bora kuliko ule wa anga safi, ila sitarajii kuungwa mkono na waliopanga foleni.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba watu wa kawaida hawavumilii mashaka: ukiwaonyesha makosa watadharau sayansi na wafadhili watakimbia. Beagle 2, chombo cha Uingereza kilichotumwa Mirihi, ni kesi nzuri ya kulipima pingamizi hilo. Colin Pillinger wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza hakuwa na fedha za kutosha, akautumia umaarufu kuzitafuta: bendi ya Blur ikatunga wito wa redio wa chombo, msanii Damien Hirst akachora bamba la kusahihishia kamera. Chombo kilitakiwa kutua Mirihi tarehe 25 Desemba 2003. Hakikusikika. Kejeli zilikuwa nyingi, na uchunguzi uliofuata ulikosoa jinsi mradi ulivyofadhiliwa na kuendeshwa, kwa haki nadhani. Lakini watu walioshirikishwa katika matumaini walishirikishwa pia katika msiba. Pillinger hakujificha. Alifariki Mei 2014. Januari 2015 ikatangazwa kwamba picha zilizopigwa kutoka mzingo wa Mirihi zimekiona: kilikuwa kimetua salama, ila mabawa yake ya sola hayakufunguka yote, na antena ikabaki imezibwa. Kosa lililodhaniwa kuwa ni kuanguka lilikuwa hatua moja tu kabla ya mafanikio. Umma uliofuatilia kisa hicho hadi mwisho ulijifunza kuhusu uhandisi wa anga kuliko wengi walioshangilia vyombo vilivyotua vizuri.

Zaidi ya hayo, kuna nyakati ambapo umma ulioandaliwa unaokoa utafiti wenyewe. Usiku wa tarehe 28 Februari 2021 kimondo kikubwa kiliwaka juu ya Uingereza. Kamera za mitandao inayoendeshwa na wanasayansi na watu wa kujitolea zilikinasa, njia yake ikakokotolewa, na kupitia vyombo vya habari watafiti wakawaomba wakazi waangalie mawe meusi. Katika mji wa Winchcombe familia moja ilikuwa tayari imeokota vipande kwenye njia ya gari mbele ya nyumba, ikavihifadhi ndani ya mifuko saa chache baada ya kuanguka. Jiwe hilo la aina adimu, lenye kaboni nyingi, lilipatikana kabla mvua haijaliharibu, zaidi ya nusu kilo kwa jumla, na maji yaliyofungwa katika madini yake yanafanana kwa muundo na maji ya bahari zetu. Fomu ya kuhesabu waliohudhuria haina mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Linabaki suala la nani anayeifanya kazi hii. Kwenye idara nyingi ni wanafunzi wa uzamivu na watafiti wa mikataba mifupi, jioni na mwisho wa wiki, bila malipo au kwa shukrani. Wanaofundisha namna hii huambiwa chinichini kwamba wanajichelewesha. Kisa cha Carl Sagan, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyejulikana sana kwa umma, bado kinatajwa: mwaka 1992 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilikataa kumpokea kuwa mwanachama, na wengi waliamini kuwa umaarufu wake kwa umma ndio uliomponza, miaka miwili baadaye chuo hichohicho kikampa medali kwa kuitumikia jamii. Utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu wanasayansi wa Kituo cha Taifa cha Utafiti cha Ufaransa uligundua kwamba wanaoshiriki shughuli za umma ni wachapakazi zaidi hata kitaaluma, na kwamba shughuli hizo haziwainui wala haziwaangushi sana katika vyeo. Yaani ile hofu haina msingi, na tuzo nayo haipo.

Kwa hiyo ningeanza na bajeti kabla ya bango. Saa za mwanafunzi anayesimama mezani ziandikwe ndani ya ombi la ruzuku kama zinavyoandikwa saa za fundi wa maabara, na kamati za kupandisha vyeo zizisome. Kisha siku ya kufungua milango meza ya kwanza kutoka lango kuu apewe yule ambaye vipimo vyake vya mwaka huu vimegoma, akiwa na grafu yake isiyoeleweka, na mgeni aulizwe yeye anaonaje.